Gari la Mjapani au la Jirani?

Toyota Premio ina upana wa milimita 1,695. Wahandisi wangeweza kuipanua kidogo ili abiria watatu wa nyuma wakae kwa raha, lakini walikuwa na mpaka wa kuuheshimu. Nchini Japani gari likizidi upana wa mita 1.7, au urefu wa mita 4.7, au injini yake ikipita ujazo wa sisi 2,000, linatolewa katika kundi la magari madogo, lile ambalo namba zake huanza na tarakimu 5. Premio na pacha wake Allion, zilizotoka Desemba 2001, zilichorwa kwa ajili ya kundi hilo, kwa watu wenye maegesho finyu na mitaa myembamba. Ndiyo maana leo gari hilo linaingia geti la nyumba ya kupanga Sinza bila dereva kukunja vioo vya pembeni, na linapishana na bajaji Tabata mahali ambapo Mark X, yenye upana wa karibu milimita 1,800, ingesimama ikisubiri.

Mengi ambayo familia zetu hudhani zimeyachagua yalishaamuliwa huko. Ukubwa wa gari, injini yake, hata umri ambao mwenyewe ataamua kuliachia, vyote vinatokana na sheria za nchi nyingine. Kwa hiyo mjadala wa gari jipya au lililotumika, unaorudi kila mara baba na mama wanapokaa kuhesabu akiba na mkopo wa SACCOS, kwetu una sura ya peke yake. Tulio wengi hatununui jipya. Tunachochagua ni matumizi ya nani tuyalipie: ya Mjapani tusiyemjua, au ya jirani tunayemwona kila asubuhi akipasha gari moto.

Jipya kabisa tulimalize haraka. Mawakala wapo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na faida zao ni za kweli: waranti, kitabu cha maelekezo kinachosomeka, gari lililoandaliwa kwa barabara na mafuta ya huku, na mtu wa kumdai likisumbua. Kuna pia yanayounganishwa hapa hapa ukanda wetu. Volkswagen Polo Vivo ilianza kuunganishwa Thika mwishoni mwa 2016, Proton Saga ikafuata Mombasa, na Kigali Volkswagen ilifungua kiwanda chake mwaka 2018. Lakini ingia ukumbi wa wakala siku ya kazi uone wateja ni akina nani: mashirika, wizara, kampuni za madini. Mwalimu na mkewe muuguzi hawamo. Kwa bei ya saluni moja mpya wanaweza kupata gari zuri la Japani, wakapaua nyumba ya Kivule na chenji ikabaki. Mwenye kipato cha kutosha na asiyetaka kero za mafundi anunue jipya bila kuona haya. Wengine tuendelee.

Mjapani huuza gari ambalo kwetu tungesema bado bichi, na sababu kubwa ni ukaguzi wa lazima uitwao shaken. Gari jipya hukaguliwa likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kila ukaguzi huja na bili ya kodi, bima na matengenezo. Inapokaribia zamu ya tatu au ya nne, wengi hupiga hesabu na kuona afadhali waliachie. Gari huenda mnadani, na mnadani huandikiwa karatasi.

Karatasi hiyo ndiyo hati muhimu kuliko zote katika biashara hii, na ndiyo wanunuzi wetu wengi hawaiombi. Mkaguzi wa mnada hulipatia gari alama: 4 na 4.5 ni gari safi lenye makovu ya kawaida, 3.5 na 3 lina mengi ya kueleza, na herufi R au RA maana yake liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Ndani hupewa herufi yake, kuanzia A kwenda chini. Pembeni kuna mchoro wa gari lililotandazwa, na kila sehemu yenye dosari imetiwa alama: A kwa mkwaruzo, U kwa kubonyea, W kwa palipopigwa rangi upya, S kwa kutu, XX kwa kipande kilichobadilishwa. Kilomita huandikwa pia. Muuzaji wa mtandaoni hupenda kukutumia picha thelathini za gari lililooshwa na kung'arishwa. Karatasi ya mnada huitoa ukiomba, wakati mwingine ukiomba mara mbili. Asipoitoa kabisa, mwache. Na ukiipata, linganisha kilomita zake na zile utakazozisoma kwenye dashibodi gari likitua bandarini, maana safari ya kutoka Yokohama mpaka yadi ya mtaani imewahi kuzipunguza kilomita za magari mengi kuliko bahari inavyoweza kueleza.

Kisha kuna umri, na hapa serikali zetu zimeachana njia. Kenya imefunga mlango kwa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, lililosajiliwa kabla ya 2018 halikuruhusiwa kuingia. Uganda ilipiga marufuku yenye miaka 15 na kuendelea mwaka 2018. Tanzania mlango uko wazi, lakini ada ya kiingilio inapanda na miaka. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka kadhaa sasa, ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya kati ya sisi 1,000 na 2,000, asilimia 10 ikizidi hapo, na VAT asilimia 18 juu ya vyote. Gari dogo likiwa na miaka minane hadi kumi linaongezewa asilimia 15, na likizidi kumi, asilimia 30.

Chukua Premio ya sisi 1,800 ambayo mamlaka ya mapato ya Tanzania, TRA, wameithamini kwa shilingi milioni 10. Ikiwa haijafika miaka minane, kodi hizo zinakuja kama milioni 5.5. Ikiwa na zaidi ya kumi, zinafika karibu milioni 9.9, kwa sababu ushuru wa umri nao hutozwa VAT. Tofauti ni zaidi ya milioni nne. Ni kweli gari la zamani linathaminiwa chini, kwa hiyo pengo halisi hupungua. Hata hivyo nimeona watu wakishangilia bei ya Japani ya gari la 2008 kana kwamba meli ingelishusha Kigamboni bila kupita forodhani. Kikokotoo cha TRA kiko mtandaoni na ni bure. Kitumie kabla ya kutuma dola, tena ukijua kwamba TRA wanatumia thamani iliyo kwenye mfumo wao na hawaihitaji risiti yako, na kwamba bajeti ya kila Juni inaweza kugeuza hesabu nzima.

Wakenya nao wana hesabu yao ya kuvizia. Ushuru wa bidhaa kwao hupanda injini ikipita sisi 1,500, na Premio ndogo ina sisi 1,496. Zimebaki nne tu. Ukishangaa kwa nini barabara za Nairobi zimejaa za 1.5 huku Dar tukipenda 1.8, sehemu ya jibu iko hapo.

Gari la mkononi ni hadithi nyingine. Huko hakuna karatasi ya mnada, kuna dalali. Kila gari analoliuza dalali lilikuwa la mama mmoja mtu mzima, wa kwenda kanisani na sokoni tu, tena anauza kwa sababu anahamia Canada. "Bosi, hili halijaguswa, namba D hii." Namba ya usajili inaeleza gari liliingia nchini lini. Haielezi lilitengenezwa lini. Lenye namba D linaweza kuwa na umri sawa na la namba B lililotangulia kuja. Mwaka wake utauona ukivuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, kwenye kitambulisho kidogo kilichoshonwa chini; kwa kawaida mkanda ulitengenezwa mwaka huo huo wa gari au uliotangulia. Na ukishauvuta, utazame: mstari wa tope kavu pale mwishoni unakwambia gari liliwahi kuogelea. Kwa mji ambao Jangwani hufungwa mvua zikikolea, hilo si la kupuuza. Maji yakishaingia kwenye soketi za nyaya chini ya zulia, gari litakuwa na ugonjwa usiopata jina.

Nenda na fundi wako, asiwe wa muuzaji, na mfike kabla injini haijawashwa siku hiyo. Muuzaji akiwa ameshalipasha moto "ili lisikusumbue, bosi", rudini siku nyingine, kwa maana makosa mengi hujitokeza injini ikiwa baridi: moshi wa bluu, mlio wa cheni, mtikisiko wa maunti. Fundi afungue rejeta aone kama ndani mna kulanti au maji ya bomba yenye kutu. Atazame vichwa vya nati za boneti na za milango, kama rangi imechubuliwa na spana. Wewe utafute kilima cha kupanda na kushuka, uingie tuta polepole, usikilize bushi na bolijointi. Halafu lipimeni kwa kompyuta, bila kuridhika na kwamba taa ya injini haiwaki. Kuna mafundi wanaojua kuizima bila kutibu kinachoiwasha.

Upande wa karatasi, linganisha namba ya chesesi na kadi ya gari, angalia faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, na hakikisha kadi yenyewe haikai benki kama dhamana. Jirani mwema anaweza kuwa na mkopo asiokusimulia.

Faida ya jirani, ukimpata wa kweli, ni kwamba maisha ya gari huku unayaona. Unamjua fundi wake. Unajua kama anamwaga oili kwa wakati au anasubiri mpaka mshahara. Japani gari liliishi kwenye lami na petroli safi, halijaonja barabara za Goba. La jirani limeshaonja, na kama miaka minne baadaye bado limetulia, huo ni ushahidi ambao mnada wa Japani hauwezi kukupa. Mimi nalipenda gari la mwenye daftari la matengenezo kuliko lolote la yadi. Tatizo ni kwamba watu wenye daftari hawauzi mara kwa mara, na wakiuza huwauzia shemeji zao.

Sasa injini. Kizazi cha kwanza cha Premio kilikuwa na ya lita mbili yenye maandishi D4, ambayo hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Kwa Mjapani ilikuwa maendeleo. Huku ilikutana na petroli iliyochanganywa mafuta ya taa, pampu na nozeli zikaanza kufa, na jina D4 likawa la kutishia watu kutoka Kariakoo mpaka Kirinyaga Road. Uchakachuaji ulifika hatua ya serikali kuingilia kati kwa kodi: Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili mchanganyaji asipate faida, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Hali imekuwa nafuu, na vinasaba vinavyowekwa kwenye mafuta vimesaidia. Lakini sioni sababu ya familia kubeba mzigo wa D4 ya kizazi kile wakati 1.5 na 1.8 zipo, zinatumia cheni, na kila kijana wa gereji anazijua kwa macho yaliyofumbwa.

Kizazi cha pili, cha kuanzia 2007, kinatumia giaboksi ya CVT, na wengi huiua wenyewe. CVT ina mafuta yake maalumu. Fundi wa kona akikumiminia ya giaboksi ya kawaida kwa sababu "yote ni mafuta ya gia, mama", gari litaendelea kutembea wiki kadhaa kwa adabu, kisha litaanza kuteleza na kushtuka, na bei ya giaboksi nyingine utaikumbuka. Andika aina ya mafuta kwenye karatasi, uibandike ndani ya boneti.

Mark X ina wapenzi wake, hasa vijana, na siwalaumu. Ni gari zuri, linasukuma matairi ya nyuma, na injini yake ya V6 ya lita 2.5 inaimba. Ila tuhesabu. Tuseme familia inatembea kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, katika foleni za mjini. Gari la kilomita 11 kwa lita litakunywa kama lita 95. La kilomita 7 litakunywa kama 149. Lita ikiwa shilingi 3,000, tofauti ni zaidi ya laki moja na nusu kila mwezi, karibu milioni mbili kwa mwaka, ambayo ni ada ya mtoto. Na yote haya kwa gari lenye viti vitano vile vile.

Wengine wanakimbilia gesi asilia. Dar es Salaam idadi ya magari yanayobadilishwa mfumo imekua, na kwa dereva wa teksi hesabu inalipa hata akihesabu muda wa kupanga foleni kituoni. Kwa familia yenye saluni nina shaka. Mtungi unakaa kwenye buti, na buti ndilo lililokufanya ununue saluni. Desemba ikifika, mkiwa watano mnaelekea Moshi na mabegi, mchele wa bibi na zawadi, mtaviweka wapi? Juu ya mapaja ya watoto.

Kuna jambo ambalo halisemwi yadini hata siku moja: mifuko ya hewa. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vifaa vya kuijaza ambavyo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu, na ikiharibika, mfuko unapofunguka kifaa hupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na wengine waliitisha mamilioni kwa mamilioni ya magari. Takata yenyewe iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2017. Marekani pekee wamekufa zaidi ya watu 20, na vifo vingine vilitokea Malaysia, nchi yenye joto na unyevu kama wa pwani yetu. Gari lililobaki Japani liliitwa likabadilishiwa kifaa bila malipo. Lililopanda meli kuja Mombasa au Dar kabla ya kuitwa, mara nyingi hakuna aliyelifuata. Tovuti za watengenezaji zinaruhusu kuingiza namba ya chesesi uone kama gari lina deni hilo. Dakika tano. Ningeanza na hizo kabla ya kuuliza rangi.

Ubaya wa saluni katika miji yetu ni tumbo kuwa chini, na dawa ya mtaani ni spesa, vipande vinavyowekwa juu ya shokapu ili gari linyanyuke. Kipande chembamba cha mpira hakina neno kubwa. Vile virefu vya chuma hubadili pembe ya ekseli, bolijointi zinakwisha haraka, na gari linayumba kwenye upepo wa lori barabara kuu. Kama njia ya kwako ni ya kuhitaji spesa ndefu, nunua gari lililozaliwa juu, na usome makala nyingine.

Madogo yatakuja na kukuchekesha. Redio nyingi za magari ya Japani zinaishia 90 FM, kwa hiyo stesheni nyingi za huku hutazisikia mpaka ufungiwe ekspanda. Kila asubuhi dada wa sauti nyororo atakwambia kwa Kijapani kwamba hujaingiza kadi ya ETC, kadi ya kulipia barabara za huko, na watoto watalikariri tangazo hilo kuliko wimbo wa shule. Usichomoe kadi ya ramani kwa hasira. Redio nyingi za Toyota zikinyang'anywa kadi hiyo hujifunga na kudai namba ya siri.

Kikubwa kinachokuja hakichekeshi sana. Mjapani ameacha kununua saluni. Mark X ilikoma Desemba 2019, Premio na Allion Machi 2021, na Camry ikaondolewa sokoni Japani mwishoni mwa 2023. Mnada hauwezi kutuuzia kisichouzwa. Kwa kanuni ya miaka minane, Mkenya ataingiza Premio za mwisho mpaka 2028. Baada ya hapo watoto wa familia za kawaida watapanda Corolla mpya zaidi, ambayo nayo imeshavuka mita 1.7 kwa upana, au watahamia kwenye hayo ya tumbo juu ambayo kila mtu anayataka. Bei za Premio zilizobaki zitapanda, na za mkononi zilizotunzwa zitapanda zaidi.

Mimi nikikabidhiwa leo fedha ya familia moja ya watu watano, ningetafuta Premio ya 1.8 iliyotoka baada ya Juni 2016, ilipofanyiwa mabadiliko na kuanza kupatikana na mfumo wa kuonya na kufunga breki kabla ya kugonga. Alama 4 kwenye karatasi ya mnada, herufi B ndani, isiyo na XX pande za mbele. Rangi yoyote. Sehemu moja ya tano ya fedha nisingeigusa mpaka gari lifike: matairi, betri, breki, mafuta yote mapya, bima kubwa, na kiti cha mtoto kinachofungwa kwenye vile vyuma viwili vya nyuma ambavyo Mjapani aliviweka na sisi tunavikalia. Na kama bajeti haifiki huko, ningempigia shemeji mwenye daftari.